UZI MWEKUNDU
Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA

Mwanaidi, fundi cherehani wa Ngamiani mjini Tanga, alishona zipu nyekundu kwa uzi wa kahawia, na hakujua mpaka mteja alipomrudishia gauni. Jicho la kushoto lilikuwa likimuuma kila akiligeuza, na rangi nyekundu ilikuwa ikichujuka mbele yake kama kanga iliyosahauliwa juani. Daktari wa macho alisema jicho ni zima, tatizo liko nyuma ya jicho. Mwanaidi akauza cherehani yake ya pili, akaenda Dar es Salaam kupigwa picha ya MRI. Baada ya siku 3 simu ikalia: "Majibu yametoka. Njoo, lakini usije peke yako."

SASA ENDELEA

Sikwenda peke yangu. Mume wangu, Baba Nasra, alimwachia rafiki yake bajaji, akavaa shati la Idi nililomshonea mwenyewe, tukapanda basi la alfajiri. Kutoka Tanga mpaka Segera, Segera mpaka Chalinze, hakusema neno zaidi ya kuniuliza kama nina kiu. Mimi nilikuwa na kazi yangu. Nilifumba jicho la kulia, nikautazama mfuniko mwekundu wa chupa ya maji kwa jicho la kushoto, kisha nikabadilisha. La kulia liliona nyekundu. La kushoto liliona rangi ya chai iliyolala. Kwa wiki 5 nilikuwa nikifanya hivyo kila nikiamka, kabla hata ya kupiga mswaki, kama mtu anayekwenda kuchungulia mtego wake.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alituuliza habari za safari, akamuuliza Baba Nasra habari za mtoto, kisha akatugeuzia kioo cha kompyuta.

"Mama Nasra, hiki ni kichwa chako. Kimepigwa picha kipande kwa kipande, kama mkate unavyokatwa."

Nikaona kijivu, nikaona weusi, na ndani ya kijivu nikaona madoa meupe, kiasi cha punje za mchele. Nilianza kuyahesabu. Nilipofika la tano nikaacha.

"Mishipa ya fahamu imevikwa ala ya mafuta," akasema. "Ala hiyo ndiyo inayofanya habari zipite upesi kati ya ubongo na jicho, ubongo na mkono, ubongo na mguu. Kinga ya mwili kazi yake ni kupigana na vijidudu. Kwako inaonekana imepotea njia, inaishambulia ala yako mwenyewe. Pale inapochubuka habari huchelewa, au hazifiki kabisa. Pakipona hubaki kovu. Madoa haya ni makovu."

Nilimwelewa kwa kazi yangu. Kitambaa kisichopigwa ovaloki hakichaniki siku moja. Kinafumuka uzi mmoja mmoja pembeni, mwenye nguo haoni, mpaka siku mshono unaachia mbele za watu.

"Ugonjwa huo unaitwaje?" Baba Nasra akauliza.

Daktari hakujibu mara moja. Alishika kalamu, akaiweka.

"Huenda ni maltipo sklerosisi. Nasema huenda, na naomba mlibebe neno hilo kama nilivyolisema. Ugonjwa huo ulielezwa na kupewa jina Paris, mwaka 1868, na daktari aitwaye Charcot. Karibu watu milioni 3 duniani wanaishi nao, wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza umri kama wako, kati ya miaka 20 na 40. Lakini wengi wao wako nchi za baridi, mbali na ikweta. Huku kwetu ni nadra kuuona. Ndiyo maana ulianza kupimwa mambo mengine."

Alisema kweli. Nilikuwa nimepimwa virusi vya ukimwi, kaswende, kisukari, kichocho, kifua kikuu na vitamini B12. Kila jibu lilipotoka safi watu walinipongeza. Shemeji yangu alichinja hata kuku. Mimi nilizidi kuogopa, kwa sababu kila mlango uliofungwa ulinisogeza kwenye ule mmoja nisioujua jina. Sasa nilikuwa nimeusikia jina, na bado ulikuwa haujafunguka.

"Sasa kwa nini huenda?" nikamuuliza. "Picha si hii hapa?"

"Picha peke yake haitoshi. Hakuna kipimo kimoja kinachosema ndiyo. Kuna kanuni tunazozifuata duniani kote, za mwaka 2001, zimekuwa zikirekebishwa kila baada ya muda. Zinataka ushahidi kwamba mwili umeshambuliwa mahali zaidi ya pamoja, na kwa nyakati zaidi ya moja. Mahali ninapaona. Wakati ndio sina. Tulikupiga picha ukiwa umechomwa dawa ya rangi, ambayo huonyesha doa bichi na doa kuukuu. Yako yote yamekaa kimya, hakuna lililonyonya rangi."

Akaendelea, na hapo sauti yake ikashuka zaidi.

"Halafu ugonjwa huu una pacha wake. Zamani madaktari waliwadhani ni mmoja. Naye hupiga jicho, naye hupiga uti wa mgongo, na kwa watu weusi hutokea zaidi kuliko kwa weupe. Mwaka 2004 ndipo ilipogunduliwa kingamwili inayomtambulisha kwenye damu. Lazima nijue ni yupi kati ya hao wawili, kwa sababu baadhi ya dawa za yule wa kwanza humzidishia mgonjwa wa pili. Nikikosea jina, nitakuumiza kwa mkono wangu."

"Dawa zipo lakini?" Baba Nasra akauliza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti yamegusa meza.

"Ya kuuondoa kabisa haipo, kwa huyu wala kwa yule. Za kuzuia mashambulizi zipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa 3 za maltipo sklerosisi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo hata nchi kama zetu zina pa kuanzia kudai. Lakini kwanza jina."

Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Nasra, fikiri vizuri. Kabla ya jicho hili, miaka yoyote ya nyuma, umewahi kupoteza kuona? Kufa ganzi? Miguu kukataa?"

"Hapana," nikasema.

Nilisema upesi, tena kwa moyo mweupe. Wallahi sikuwa nadanganya.

Akanisimamisha. "Inamisha kichwa, kidevu kiguse kifua."

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu nilipoingia. Mwezi mzima, kila nilipoinamia sindano kuingiza uzi, shoti ilikuwa ikinishuka kutoka shingoni, ikipita mgongoni, ikitokea kwenye nyayo. Fundi asiyeinama atashona nini? Nilikuwa nimejifunza kunyanyua kitambaa kije usoni badala ya uso kukifuata, na nyumbani sikumwambia mtu. Nikainama. Shoti ikapita. Mikono ikaruka yenyewe.

"Tangu lini?" Si daktari aliyeuliza. Alikuwa Baba Nasra.

"Tangu mwezi wa Rajabu."

Hakusema kitu. Aliukunjua mkono wa shati lake mpaka kwenye kiganja, akaukunja tena, mara mbili tatu, akiutazama ule mshono wangu.

Siku hiyohiyo nilichukuliwa damu, nikalazwa ubavu, nimejikunja kama kamba, nikatolewa maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Damu na maji vyote vilikuwa na safari ya kwenda maabara ya nje ya nchi. "Wiki 4 hadi 6," daktari akasema. Alituandikia namba yake ya simu kwa mkono. "Ukikumbuka lolote la nyuma, lolote lile, nipigie. Huenda hilo likawa na thamani kuliko mashine hii."

* * *

Joto la siku ile ya kurudi sitalisahau. Baada ya Chalinze kiyoyozi cha basi kilikata, jua likaingia upande wangu, na jicho la kushoto likaanza kujifunga ukungu. Mfuniko wa chupa haukuwa tena na rangi ya chai. Haukuwepo. Nilimkamata Baba Nasra mkono, naye akaloweka leso kwenye maji, akaniwekea shingoni, akaibadilisha kila ilipopata moto. Daktari alishatuambia: mwili ukipata joto, mshipa uliochubuka hupitisha habari kwa shida zaidi, hilo lina jina la Mjerumani Uhthoff, aliyeliandika mwaka 1890, na mwili ukipoa hali hurudi ilipokuwa. Kujua ni kitu kimoja. Kukaa ndani ya basi na nusu ya dunia imezimwa ni kingine.

Ilirudi tulipofika Muheza, wauza machungwa walipogonga dirishani. Niliona kwanza kijani, kisha mikono ya watu, na nikaanza kulia kwa furaha ya kuona machungwa.

Tanga tukashuka. Nilikuwa nimetembea hatua kama 10 hivi pale stendi nikamsikia mtoto nyuma yangu.

"Mama, ndala yako imebaki!"

Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na ndala. Wa kushoto ulikuwa mtupu, umekanyaga kokoto, na sikuwa na habari.

Nikasimama pale pale katikati ya stendi, mabasi yanapiga honi. Si kwa sababu ya mguu. Kwa sababu nilikuwa nimewahi kusimama hivyohivyo, nikitazama chini, mguu mtupu, na mtu nyuma yangu akiniambia maneno yaleyale.

Nilikuwa na miaka 16, kidato cha tatu, shule ya bweni ya wasichana. Mwaka ule bweni letu liliingiliwa na mapepo. Ndivyo tulivyosema wote, na walimu pia. Msichana mmoja alianguka akipiga kelele, wa pili akafuata, kufika Ijumaa wakawa 11. Mimi sikupiga kelele. Mimi ndala ilinitoka njiani kwenda bombani na sikujua. Kesho yake kitovuni nilihisi kama nimefungwa mkanda na mtu anayevuta. Keshokutwa miguu ikakataa. Kwa kuwa nilianguka wiki moja na wale 11, nilihesabiwa nao: wa kumi na mbili. Wao walirudi darasani baada ya siku chache. Mimi mjomba alikuja kunichukua, nikapelekwa Pangani kwa mganga, nikafukizwa, nikapigiwa ngoma, na baada ya wiki nyingi nikasimama. Siku niliyofika mlangoni kwa miguu yangu Mama alinishika mdomo kwa kiganja, akasema: "Limekwisha. Jambo hili lina masikio. Usilitaje lisije likadhani linaitwa."

Sikulitaja miaka 13. Hata daktari aliponiuliza sikulificha. Kwangu halikuwa ugonjwa, kwa hiyo halikuwa kwenye kapu alilonitaka nilifungue.

Nilimpigia daktari usiku uleule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali matatu, polepole, nami nikayaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Miguu yote miwili au mmoja? Ganzi ilianzia wapi kushuka? Ilichukua wiki ngapi mpaka nikatembea?

"Kwa nini ni muhimu hivyo, dokta?"

"Kwa sababu huo ndio wakati wa pili niliokuwa nautafuta. Na kwa sababu pacha wale wawili hawaupigi uti wa mgongo kwa namna moja. Mmoja huudonoa kidogo, upande mmoja. Mwingine huuchoma mrefu, miguu yote ikafa pamoja. Mama Nasra, kuna mtu aliyekuwepo ambaye anakumbuka vizuri?"

Alikuwepo mmoja tu.

* * *

Mama aliahidi kuja Alhamisi, akaja Alhamisi ya pili. Katikati ya hizo mbili niliishi kama nilivyoweza. Nasra, miaka yake 6, alikuwa ndiye mtia uzi wangu. Alikaa chini ya meza ya cherehani, mimi nikimshushia sindano, yeye akinirudishia ina mkia. Nilipanga nyuzi zangu kwa kuziandika majina, nyekundu, damu ya mzee, kahawia, kama mwalimu wa chekechea. Wateja wawili wakahamisha vitambaa vyao bila kusema. Jirani mmoja alileta habari kwamba ni kiharusi, mwingine kwamba nimetupiwa kitu na fundi mwenzangu wa Barabara ya 12. Nikawajibu nasubiri majibu. Hakuna jibu linalomchosha msikilizaji kama hilo. Mtu anayeumwa watu wanajua wamletee nini; mtu anayesubiri hawajui hata wakae kwake muda gani.

Mama alishuka kwenye basi la Pangani na kapu la nazi, mdogo wangu Hamisi akimshikia mkoba. Hamisi anasomea uuguzi mwaka wa pili, na nilimwomba awepo. Tulikula. Tuliswali Isha. Baba Nasra akatoka nje kwenda kuifuta bajaji ambayo ilikuwa safi.

"Mama," nikasema, "nataka kuuliza habari ya mwaka ule wa shule."

Aliendelea kufumua ukindu wa mkeka kwa kucha.

"Daktari wa Dar anataka kujua. Miguu ilikufa yote miwili?"

"Yote."

Lilitoka upesi hivyo, kama lilikuwa limekaa mlangoni miaka yote.

"Kuanzia wapi?"

Akajigusa kitovu. "Nilikuchoma kwa pini ya ushungi, hukusema kitu. Na haja ndogo ilikuwa imekataa kutoka. Tumbo limevimba hivi." Macho yake yalikuwa hayanitazami. "Mwanangu, nisamehe. Hukupelekwa kwa mganga kwanza. Ulipelekwa hospitali. Usiku mmoja. Wewe ulikuwa na homa, hujitambui. Walikuwekea mpira, mkojo ukatoka. Daktari akasema ubaki, mjomba wako asubuhi akakutoa."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ya alichoniuliza yule daktari."

Alivuta mkoba wake kutoka kwa Hamisi. Chini kabisa, ndani ya leso iliyofungwa mafundo mawili, mlikuwa na bahasha ya kaki iliyolainika kama kitambaa. Ilinukia udi. "Kila nikija kwako naibeba," akasema. "Kila nikirudi narudi nayo."

Nikaishika, nikaisogeza kwenye taa. Wino ulikuwa umefifia, mwandiko ni ule wa madaktari, tena Kiingereza, na jicho langu la kushoto liliuzungushia mstari wa mwanzo ukungu. Nikampa Hamisi.

Alisoma kimya kwanza. Akageuza. Kisha akaanza kututafsiria, kidole juu ya karatasi. "Mwanaidi Rashidi, miaka 16. Udhaifu wa miguu yote miwili. Hana hisia kuanzia usawa wa kitovu. Mkojo umeziba. Inashukiwa..." Akanyamaza. Alikuwa anasugua kona ya karatasi kwa gumba.

"Inashukiwa nini?"

"Ngoja, dada. Hizi zimegandana. Ziko mbili."

Mama akasema, "Hamisi, iache hiyo," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake.

Lakini alikuwa ameshaibandua. Karatasi ya pili ilikuwa ya njano zaidi, imechanika kwenye kunjo. Hamisi aliisoma mara moja, akairudia. Akanitazama, akamtazama Mama, akarudi kunitazama jicho langu la kushoto.

"Hii si yako," akasema. "Huyu ni mtu mzima. Miaka 31. Miguu yote miwili." Akameza mate. "Na macho yote mawili."

Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga.

"Jina lake nani?" nikauliza.

"Mwanaidi."

"Nimekuuliza la kwenye hiyo karatasi ya pili."

"Ndilo hilo, dada. Mwanaidi. Lakini si Mwanaidi Rashidi. Mwanaidi Athumani."

Athumani ni babu yetu, mzaa mama. Na tangu tupate akili Mama alituambia kwamba kwao alizaliwa peke yake.

Nje, bajaji iliwashwa, ikazimwa. Juu ya meza ya cherehani, kati ya mikasi na futi, simu yangu ilianza kutetemeka. Namba ilikuwa ya Dar es Salaam, ile iliyoandikwa kwa mkono. Nilitazama tarehe iliyokuwa juu ya ile karatasi ya njano, tarakimu kubwa kubwa ambazo hata jicho bovu lingezisoma.

1989. Mimi nilizaliwa mwaka 1995.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO